Keria ya aluminiamu ya pikapu: kuichora, kuikata na kuifunga kwa bolti, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya Malindi

Nianze na keria yangu ya kwanza manake ndo iliyonifundisha. Ilikuwa ya chuma, boksi tubu za kawaida zimechomelewa kila kona na kupigwa rangi nyeusi, ilipendeza kweli siku ile natoka nayo kwa fundi. Miezi kama kumi na minne baadae natoka Ngomeni na mbao juu, nakaribia Gongoni pale kwenye mashamba ya chumvi, nasikia nyuma kitu kinagonga, nasimama nashuka naangalia, mshono wa nguzo ya nyuma kushoto umeachia na ndani ya bomba kumejaa unga wa kutu, ukigonga kwa kidole unamwagika kama ubuyu. Nje rangi bado nzima. Chuma kililiwa kutoka ndani na mimi kila Ijumaa naosha gari najua niko sawa.

Ya pili nikaifanya ya aluminiamu, nikaichora mwenyewe, na hii ndo nataka kukueleza hatua kwa hatua. Kama hutasoma mpaka mwisho basi chukua hili tu: huku kwetu keria usiichomelee, ifunge kwa bolti, kila kipande kiwe kinafunguka peke yake, na usiache metali mbili tofauti zigusane zikiwa na maji ya chumvi katikati. Mengine yote ni vipimo.

Hatua ya 1: Mzigo kwanza, keria baadae

Wengi wanaanza kwa kuangalia picha, keria ya fulani nzuri nami nataka kama hio. Usianze hapo. Chukua karatasi andika vitu unavyobeba kweli kwa mwezi mzima, na uzito wake. Yangu ilikuwa hivi: mbao za futi 14 mara mbili tatu kwa mwezi, injini ya boti ya nguvu farasi 15 ambayo inakaribia kilo 40, majerikani ya maji ya lita 20 (kila moja kilo 20 na zaidi kidogo), nyavu, na hema tukienda bara upande wa Sala Gate, lile lango la mbuga ya Tsavo.

Ukishaandika, igawe mara mbili. Vizito na vifupi vinakaa chini sakafuni mwa pikapu, virefu na vyepesi ndo vinapanda juu. Mtu anaepandisha majerikani sita ya maji juu ya keria ameweka kilo 120 pahali ambapo gari ikikata kona zinavuta bodi yote pembeni, na barabara ya Sala unaijua, yale mawimbi ya murram hayana huruma. Mi nimejiwekea kilo 100 juu gari ikitembea, siongezi. Ikiwa imesimama, mtu kulala juu kwenye hema, hapo inabeba zaidi manake hakuna mtikiso.

Alafu kuna nguvu ambazo watu hawazihesabu. Katika kufunga mizigo hesabu inayotumika ni kwamba ukishika breki ya nguvu mzigo unasukuma mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwenye kona unasukuma pembeni kwa asilimia 50. Kwa hio kilo 100 zako juu, mbuzi akikatiza barabara pale Mambrui ukakanyaga breki, ni kama mtu anasukuma keria kuelekea kabini kwa kilo 80. Nguzo zilizosimama wima peke yake hazikatai hio nguvu, zinalala. Tutarudi hapo kwenye breisi, yaani vile vipande vya mshazari vya kuzuia nguzo zisilale.

Hatua ya 2: Pima gari, na pima pengo

Futi tepu, kalamu, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Pima urefu wa ukingo wa bodi kulia na kushoto (usidhani ni sawa, gari ikiwa ishagongwa zamani inatofautiana), pima upana kutoka katikati ya ukingo mpaka katikati ya ukingo wa pili, mbele alafu nyuma. Pima kimo kutoka ukingo mpaka usawa wa paa la kabini. Yangu ni dabo kabini na hesabu zote hapa chini nimezifanya kwa urefu wa mita 1.4 na upana wa mita 1.4, we weka zako.

Sasa hili jambo nimeona watu wakilikosea hata mafundi wazuri. Kwenye pikapu kabini na bodi ni vitu viwili tofauti, kila kimoja kimekaa kwenye chesisi kwa bolti zake na raba zake, na gari ikipita kwenye shimo chesisi inajipinda, kabini inaenda huku bodi inaenda kule. Simama nyuma ya pikapu ya mtu inayopita njia mbaya utazame pengo lililo kati ya kabini na bodi, utaliona linafunguka na kufumba kama mdomo. Kwa hio keria ifungwe kwenye bodi TU. Ukifunga miguu miwili kwenye bodi na ncha ya mbele kwenye paa la kabini, kitu kitapasuka, na mara nyingi ni bati la gari lako. Acha nafasi ya sentimita 3 kati ya keria na kabini, na mbao ndefu zinazopita juu ya kabini zipite juu kabisa zisilale kwenye paa.

Pia fungua mlango wa nyuma uone kama nguzo za nyuma hazitauzuia.

Hatua ya 3: Kuchagua bomba, na hapa tukae kidogo

Malindi mafundi wa aluminiamu hawakosi, mahoteli na nyumba za kifahari za huku zimewalea, kila mtaa kuna mtu anakata madirisha. Lakini ile ya madirisha sio yetu. Ukuta wake ni mwembamba, milimita moja na kitu, imetengenezwa ishike kioo sio ishike injini. Utaambiwa hii inatosha, ukifinya kwa koleo utaona inavyobonyea. Sisi tunataka bomba la mraba la ukuta wa milimita 3, na mimi ilibidi nilifuate Mombasa.

Aluminiamu ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma kwa ukubwa ule ule. Lakini (na hapa ndo watu wanaumia) hata ukakamavu wake ni theluthi moja. Ukichukua keria ya chuma ukainakili vile vile kwa aluminiamu itakuwa inanesa. Dawa yake sio kuongeza unene wa ukuta, ni kuongeza kimo cha bomba. Tazama hesabu hii niliifanya mwenyewe: pau la mita 1.4 limeshikwa ncha mbili, ukaweka kilo 50 katikati. Bomba la milimita 40 kwa 40 ukuta 3 litashuka milimita 4. Bomba la 50 kwa 50 ukuta ule ule litashuka milimita 2. Uzito umeongezeka kwa robo tu, kutoka kilo 1.2 kwa mita mpaka 1.5, lakini ukakamavu umekuwa mara mbili. Sentimita moja ya kimo ndo imefanya hivo. Kwa hio chukua 50 kwa 50 kwa 3 usiangalie nyuma.

Kuna zile profaili zenye mfereji kila upande ambazo unaingiza nati na kuifunga popote bila kutoboa. Ni nzuri sana kwa kazi ya ndani. Kwa huku nina shaka nazo kwenye fremu kuu, mifereji inajaa mchanga na chumvi, inashika unyevu, na kwenye mtikiso nati zinatembea. Mi nimetumia kipande kimoja tu juu kabisa kwa ajili ya kufungia mikanda, basi.

Ukiona muuzaji ana nambari za aina, 6061-T6 ni ngumu kuliko 6063 na zote zinafaa kwa kazi hii. Ila jua kwamba hio nguvu ya T6 imetokana na kupikwa kwa joto kiwandani, na ukiichomelea unairudisha nyuma, karibu na mshono inaweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake. Hio ni sababu ya kwanza ya kutochomelea. Sababu ya pili ni uchovu wa metali. Chuma kikitikiswa kwa nguvu ndogo ndogo kuna kiwango ambacho chini yake kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Aluminiamu haina kiwango hicho, kila mtikiso unahesabiwa, mdogo mkubwa, na ufa unaanzia kwenye mshono au kwenye tundu lililotobolewa vibaya. Sababu ya tatu ni kwamba bolti unaifungua unabadilisha kipande, mshono ukipasuka uko Garashi utafanyaje.

Hatua ya 4: Chora kwenye daftari la hesabu

Daftari la miraba la mtoto linatosha, sentimita moja iwe sentimita kumi. Chora ubavu, chora kwa nyuma, chora kwa juu. Umbo langu ni hili: reli mbili za chini zinazolala juu ya kingo za bodi, nguzo nne, reli mbili za juu, mapau matatu ya kukatiza, na breisi nne za mshazari kwenye mbavu. Mahesabu ya bomba:

Reli za chini 2 na reli za juu 2, kila moja mita 1.4, jumla 5.6. Hio ni bomba la kwanza limekwisha.
Mapau 3 ya mita 1.4 na nguzo fupi 4 za sentimita 43, jumla 5.92. Bomba la pili.
Nguzo ndefu 4 za sentimita 65 na breisi 4 za sentimita 45, jumla 4.4. Bomba la tatu, linabaki la akiba.

Bomba ukiambiwa ni mita 6 lipime dukani kabla ya kulipa, nyingine ni 5.8, na hapo nguzo moja fupi ihamie bomba la tatu. Kumbuka na msumeno unakula kama milimita 3 kila ukikata.

Mbona nguzo seti mbili? Hapo ndo faida ya vipande. Siku za kawaida keria yangu inakaa na nguzo fupi, iko chini ya usawa wa paa, upepo haiushiki na gari haiyumbi. Nikipata kazi ya mbao ndefu za kupita juu ya kabini nafungua bolti naweka nguzo za 65. Kazi ya nusu saa kwa watu wawili.

Uzito wa fremu nzima ikiwa na nguzo fupi ilikuja kama kilo 26 pamoja na pleti na bolti. Kwa chuma cha kipimo kile kile mabomba peke yake ni kilo 58. Sisi wawili, mimi na mdogo wangu, tunaishusha bila kufungua kitu tukitaka kubeba mchanga.

Sasa sheria ya matundu, na hii usiivunje. Kila kitu kitumie bolti ya milimita 8, kichwa cha spana namba 13. Reli zote zitobolewe matundu kila baada ya sentimita 10, na kila kifaa utakachotengeneza baadae, kishikio cha injini, kishikio cha jerikani, meza, taa, kiwe na pleti yenye matundu mawili ya umbali wa sentimita 10. Hivo kitu chochote kinakaa pahali popote, kulia kushoto, mbele nyuma, na wewe unatembea na spana mbili za 13 tu kwenye gari. Mtu anaechanganya bolti za 6 na 8 na 10 kwenye keria moja anajitafutia usumbufu wa maisha.

Na matundu yatobolewe kwenye ubavu wa bomba, katikati ya kimo chake, sio juu wala chini. Bomba likibeba mzigo, uso wa juu unabanwa na uso wa chini unavutwa, katikati ya ubavu ndo hakuna kazi kubwa. Tundu kwenye uso wa chini wa pau, katikati ya gari, ni pale pale ufa utakapoanzia.

Kabla ya kununua chochote, tengeneza ya mbao. Mbao mbili kwa mbili za bei rahisi, misumari, iweke juu ya pikapu, zunguka nayo, fungua milango, kaa ndani uangalie kioo cha nyuma. Yangu ya mbao ilinionesha pau la nyuma linanizibia kioo kabisa, nikalisogeza. Kwenye karatasi sikuliona.

Hatua ya 5: Kukata na kutoboa

Usikate na diski ya grainda ya chuma. Aluminiamu ni laini, inayeyuka inajaza diski, diski inapata joto inaweza kupasuka usoni kwako. Msumeno wa mkono wenye meno ya kati unatosha kabisa, au msumeno wa mezani wa wale mafundi wa madirisha, hawa waombe wakukatie tu, wanakata kwa nyuzi 90 safi na hawatakutoza nyingi. Miwani vaa.

Kutoboa, piga kwanza alama kwa panchi, anza na drili ya milimita 4 alafu 8.5. Dondosha mafuta ya taa kwenye ncha ya drili kila tundu, utaona vile vipande vinatoka virefu vinang'aa badala ya kuganda kwenye drili. Ukimaliza tundu lisafishe kingo zake ndani na nje kwa drili kubwa ukiizungusha kwa mkono, pitisha kidole, kisikwaruze. Ile kingo kali ndo mwanzo wa ufa. Tundu lisikaribie ncha ya bomba chini ya sentimita 2.

Na kama benchi lako lilikatiwa vyuma jana, lifagie. Unga wa chuma ukijikita kwenye aluminiamu, siku mbili tatu za umande wa huku unaanza kutoa madoa ya kutu na vijishimo.

Kwenye nguzo na mapau pahali bolti inapopita bomba lote, weka kikopo cha ndani, yaani kibomba kidogo kilichokatwa urefu wa milimita 44 kikae ndani bolti ipite katikati yake. Bila hicho ukikaza bomba linabonyea na bolti inalegea, unakaza tena linabonyea tena.

Hatua ya 6: Viungo, chumvi, na swali la ami

Kona zinaungwa na pleti za aluminiamu za milimita 5 zilizokatwa pembe tatu, moja ndani moja nje, bolti mbili kila mkono. Kama unataka kuona kwa nini pembe tatu, kata vipande vinne vya boksi la karatasi, viunge kwa pini kwenye kona vipate umbo la mraba, sukuma kwa kidole. Unalala. Sasa ongeza kipande kimoja cha mshazari, sukuma tena. Haulali. Breisi nne kwenye mbavu zinakataa zile kilo 80 za breki, na pleti za pembe tatu za mapau zinakataa kuyumba kwa kona.

Fremu ilipokamilika nikaiweka uani, nimefunga na bolti za stenlesi zinang'aa, ami yangu akaja. Ni mtu wa vyombo, amekaa na mashua tangu udogoni. Akaizunguka, akagusa bolti moja kwa kidole gumba akauliza, "Mwanangu, hapa zinki ni ipi?"

Wanaojua injini za boti washaelewa. Kila injini ina kile kipande cha zinki kimefungwa chini kwenye maji, kazi yake ni kuliwa. Metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakiwa kati yao, inakuwa kama betri, ile dhaifu inaliwa inamlinda mwenzake. Zinki inakubali kuliwa ili injini ipone. Nikamwambia ami hapa hakuna zinki. Akasema, "Basi zinki ni hii fremu yako yote."

Ni kweli kabisa. Stenlesi na aluminiamu, aluminiamu ndo inayoliwa. Utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha bolti, alafu bolti inashikana ndani ya tundu haitoki hata kwa nyundo. Nikafungua bolti zote nikaanza upya, hivi:

Bolti ni stenlesi ile ya baharini, A4, ukikosa A2, usitumie ya chuma ya kawaida na kabisa kabisa usitumie shaba wala kitu chenye shaba. Hata ile grisi ya rangi ya shaba iwache. Kila bolti ipate washa (ile pete bapa) ya nailoni chini ya kichwa na chini ya nati, alafu washa pana ya stenlesi juu yake. Ipake grisi ya boti mwili mzima kabla ya kuingiza, maji yasipate pa kukaa. Hio grisi ina kazi ya pili, manake nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi ikikazwa kavu na kwa haraka zinagandana, hapo huikazi huifungui, ni kukata. Kaza pole pole kwa mkono. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani ili mtikiso usizilegeze.

Kukaza ni Nm 20 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Huna spana ya kipimo? Shika spana sentimita 20 kutoka kwenye bolti uvute kwa nguvu ya kuinua kilo 10, ni hapo hapo. Usirukie.

Ukimaliza kila nati ipige mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye pleti. Nimeomba chupa ya mke wangu, nyekundu. Sasa ukipita asubuhi kwa macho tu unaona nati gani imezunguka, mstari umekatika.

Toboa na tundu la milimita 6 chini ya kila bomba linalolala, upande wa ncha sio katikati ya pau, maji yatoke. Vifuniko vya plastiki kwenye ncha zote.

Hatua ya 7: Kuifunga kwenye bodi

Ukingo wa bodi ni bati jembamba, usiliamini peke yake. Njia mbili. Ya kwanza ni klampu zinazobana ukingo kwa ndani bila kutoboa, weka sita sio nne, tatu kila upande. Ya pili ni kutoboa ukingo na kuweka chini yake pleti ya milimita 5 pana kama kiganja, ili nguvu isambae. Ukitoboa bati la gari paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu siku hio hio, usiseme kesho, kwa hewa ya huku kesho pameanza.

Kati ya reli ya aluminiamu na bati la gari weka plastiki. Mimi nimekata jerikani kuu kuu la mafuta ya kupikia, vipande vya upana wa sentimita 5, inakaa vizuri haifyonzi maji. Usiweke zulia wala gunia, linashika chumvi kama sponji.

Kabla ya kukaza mwisho pima mishazari ya juu, kutoka kona mpaka kona. Kwa mraba wa 1.4 zote mbili zitoke mita 1.98. Ikiwa moja ni ndefu, sukuma kona ile mpaka zilingane ndo ukaze. Usilazimishe keria ikae kwa kuivuta na bolti, bolti inayovuta muda wote haiishi siku nyingi.

Hatua ya 8: Jaribu, kaza, jaribu

Siku ya kwanza shika keria kwa mkono uitikise, gari yote ndo itikisike sio keria. Siku ya pili weka kilo 50 nenda Marafa urudi. Kagua mistari ya rangi ya kucha, kaza zilizosogea. Siku ya tatu weka kilo 100 barabara ile ile. Baada ya hapo kagua kila mwezi na kila ukirudi kutoka njia mbovu, na uangalie pleti za kona za nyuma zaidi manake ndo zinateseka. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unatoka kwenye tundu, usiupake rangi, badilisha kipande. Ndo maana vinafunguka.

Mbao ndefu zifunge kwenye keria alafu uzifunge tena mbele na nyuma kwa mikanda inayoshuka mpaka kwenye chuma cha gari lenyewe, na kitambaa chekundu ncha ya nyuma. Keria inabeba uzito, mikanda ndo inazuia mwendo. Ikiwa mapau yanapiga mluzi kwenye mwendo wa barabara ya Mombasa, zungushia pau la mbele kamba kama nyoka, mizunguko sita saba, inanyamaza.

Kuosha ni kwa maji baridi ya mfereji, haya ya Baricho, sio ya kisima chako ikiwa kina chumvi manake utakuwa unaipaka upya. Wakati wa kusi upepo unapoleta rasharasha mpaka mitaa ya nyuma mi naosha mara mbili kwa wiki, chini ya mapau na ndani ya kona, pahali pasipoonekana. Saruji mbichi ikimwagika juu yake ioshe pale pale kabla haijakauka, inakula aluminiamu vibaya sana na kuacha doa ambalo halitoki.

Mara moja kwa mwaka, mimi huwa naifanya kabla kaskazi haijaanza, nafungua bolti zote moja moja, nafuta, grisi mpya, washa za nailoni zilizopasuka natupa, rangi ya kucha upya. Inachukua asubuhi nzima. Mara ya mwisho ami alikuja tena akachukua bolti moja niliyoitoa kwenye kona ile ile ya nyuma kushoto, akaipangusa na kikoi chake, akaiangalia kwenye jua, akanirudishia akasema, "Haya, rudisha."